Barua ya Shirika Letu kwa Askofu

Mwaka ule risasi zililia mjini, shule zikafungwa, na jua likizama kila mtu yuko ndani. Shirika letu la mtaa wa Hewa Bora peke yake halikuacha kukutana: nyumba kumi na mbili za Wakatoliki, tunasali pamoja kila Alhamisi saa tisa, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Nilikuwa karani. Si kwa kujua kusema, mbele ya watu ulimi wangu unakauka. Walinichagua kwa mwandiko.

Rafiki yangu wa benchi moja darasani alikuwa ameacha kuja kwenye sala. Padri wetu alimtendea mabaya. Mama yake alikwenda kwa askofu mara mbili: mara ya kwanza akapewa rozari, mara ya pili akaambiwa avumilie. Kisha padri akahamishiwa parokia nyingine, akapewa watoto wengine wa katekisimu. Hata kwenye shirika wengine walisema ni uongo. Rafiki yangu aliniambia mlangoni kwao:

"Kama habanisadiki, shitarudia kule tena."

Alhamisi moja zamu ikawa ya nyumba yao. Yeye alibaki nyuma ya pazia. Mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Kivu, akasema tumwandikie askofu aache kiti.

Mzee mmoja, mstaafu wa migodi, akaruka. "Weye ulikuya juzi na magunia yako! Askofu ni baba. Baba banamufukuza mu nyumba?"

Mama wa rafiki yangu akamuuliza polepole: "Muzee, kule chini ya mugodi, kapita, mukubwa wa kazi, akiambiwa dari inapasuka, anyamaze, atume bantu bengine palepale. Munamuacha kapita?"

Mzee akakuna kichwa. "Apana. Ule tunamutosha, aende." Akanigeukia. "Bon. Andika, mutoto."

Nikaandika. Askofu aliniwekea mkono kichwani siku ya kipaimara, nilimpenda, na bado niliandika: aliambiwa mara mbili, hakusikia, tunamwomba aondoke ili mwingine asikilize. Chini, bila kufikiri, nikamalizia vile masista walitufundisha kumalizia kila barua ya Kanisa: "Sisi watoto wenu watiifu."

Mwenyekiti akasema nisome. Nikasoma haraka haraka, nikafika mwisho.

"Rudilia ile ya mwisho," mama akasema. Nikarudilia. "Watiifu? Utii njo ilinirudisha nyumbani na rozari."

Nilitaka kuingia chini ya kiti. Basi nikafuta, nikaandika upya, na kabla ya kuambiwa nikasoma kwa sauti, nikitazama pazia: "Sisi tunaomsadiki mtoto wetu."

Mzee alikuwa wa kwanza kutia sahihi, polepole, ulimi nje kidogo. Nyumba mbili zilikataa, zikaondoka na viti vyao. Hapo pazia likafunguka. Rafiki yangu akaja, akanisukuma kwa nyonga.

"Songa. Ulikuwa unatetemeka sawa kuku ya mvua."

"Na weye ulikuwa unasikiliza sawa mwizi."

Akacheka, akachukua kalamu mkononi mwangu.

Jibu la askofu halijafika nikiandika haya. Mwenyekiti anasema tukikosa jibu tutaandika tena, na ya pili niisome mimi. Juma lililofuata ilikuwa zamu ya mzee. Nilifika mapema, nikakuta rafiki yangu amefika kabla yangu, anapanga viti, na mzee anamfuata nyuma akilalamika kwamba anavipanga vibaya.