Maneno Mepesi

Leo asubuhi nesi alinipaka spiriti mkononi, nikawa tena msichana wa darasa la sita, mama kanikamata mkono katika zahanati moja ya Kariakoo. Siku hiyo daktari Mzungu hakuwa na mkalimani. Kiingereza changu kilikuwa cha kiti, mlango, kikombe, mtoto. Naye alitumia maneno mepesi kama hayo: mtoto aliye tumboni amekufa.

Kwetu habari ya kifo huletwa na watu wazima, na mtu huketishwa kwanza. Mama alikuwa amesimama. Mlango ulikuwa umefungwa. Wote wawili walinitazama.

"Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema upumzike, mama."

Mama akapapasa tumbo lake, akatabasamu.

"Mwambie ahsante sana."

Hilo nililitafsiri lote.