Kidole cha Mama Mwansa

Wewe cheka tu. Mke wangu naye alicheka, mpaka siku alipoona kwa macho yake, na tangu siku hiyo hataki nilitaje jambo hili mbele ya watoto. Sikuwa nimekunywa, sikuwa mgonjwa, sikuota. Tena usingoje habari za usiku na bundi. Mfu wangu alikuja asubuhi, jua limeshawaka, watu wamepiga foleni dirishani, na mimi mwenyewe nikamvutia kiti.

Ilikuwa bado Zaire, enzi za abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, kila mtu anaitwa citoyen, mwananchi, hata akiwa hana viatu. Nilikuwa nasomea kriminolojia mwaka wa pili, hapa hapa Lubumbashi, na wakati wa likizo wakanituma kufanya staji, mafunzo ya kazi, kwenye komisariya moja ya polisi, mtaa wa Kampemba. Ungeniona wakati ule! Nilijua Kifaransa cha mahakama, nilijua kuinua alama za vidole kwa unga, nilijua majina ya Wazungu wote waliopima vichwa vya wezi. Kitu kimoja tu sikujua, nacho ni kumsikiliza mama anayenuka samaki.

Mama huyo aliitwa Mwansa. Alikuwa anauza samaki wakavu wa Pweto sokoni, na alikuja siku ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi kwetu, kumtetea jirani yake Ilunga. Ilunga alikuwa mfanyakazi wa karakana ya shaba, na tangu katikati ya juma alikuwa kwenye kasho letu, kile chumba cha nyuma tunamofungia watu. Mlinzi alisema alimwona saa sita ya usiku akirusha nyaya za shaba juu ya ukuta. Shaba wakati ule ilikuwa ya serikali, na aliyeiba shaba alikuwa amemwibia nani, unajua mwenyewe. Lori lingekuja siku ya kazi moja, yaani Jumatatu, saa sita ya mchana, kumpeleka gerezani. Na mule watu walikuwa wanaoza miaka bila kuitwa mbele ya hakimu. Mke wake alikuwa na mimba kubwa, anakaa getini kila siku na sahani ya bukari, ugali wetu, iliyofunikwa.

Mama Mwansa alinieleza yote. Usiku ule lori la samaki lilichelewa kufika kutoka Pweto, Ilunga akamsaidia kushusha magunia, kisha akalala juu ya magunia hayo uani kwake kuyalinda mpaka kukacha. Alisema pole pole, akirudia, na mimi niliandika kwa Kifaransa, kwa maana PV, yaani karatasi ya maelezo ya polisi, huandikwa kwa Kifaransa.

Sasa sikiliza vizuri. Ukimaliza kuandika PV, sheria inataka umsomee mtu maneno yake kwa lugha yake, naye akikubali atie sahihi au kidole. Ndiyo maana chini kuna maneno yale: lecture faite, persiste et signe. Amesomewa, anashikilia, anatia sahihi. Bila hayo, karatasi yako ni ya kufungia karanga.

Na mimi nilikuwa na haraka. Rafiki yangu wa chuo, mtoto wa mkubwa mmoja, alikuwa amenialika kula kwao Golf, mtaa wa wenye pesa. Gari lilikuwa nje linapiga honi. Nikamwambia Mama Mwansa arudi kazi moja asubuhi, tutamaliza.

Hakuinuka. "Mwana, unisomee leo. Miye nasema Kiswahili, weye unaandika Français. Nitajua namna gani kama uliandika byenye nilisema?"

Nikamjibu kwamba sheria haikimbii. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Akafunga kitenge chake vizuri, akaniambia atarudi, nisiitupe ile karatasi. Mimi huyo, Golf, kula kuku na kunywa bia baridi. Hata leo nikikumbuka kuku yule nasikia haya.

Kazi moja asubuhi alikuja. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba kidogo cha kuandikia. Nilifurahi kumwona, kwa maana mke wa Ilunga alikuwa amenishika mkono getini akiuliza habari za mume wake. Nikampa kiti. Kitu kimoja kilinishangaza: siku ya posho komisariya nzima ilinuka samaki mpaka Chef, mkubwa wetu, akafungua madirisha. Siku ile hakunuka kitu. Nikafikiri ameoga tu.

Akasema, "Unisomee."

Nikasoma, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Alisikiliza akiangalia mikono yake. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Na petroli?"

Ni kweli, alikuwa amenieleza: taa ilizimika saa sita ya usiku, Ilunga akaenda kwa Tate Mwape, mzee wa nyumba ya pili, kuomba petroli kidogo, yaani mafuta ya taa, wakaongea pale mlangoni. Mimi niliiacha. Nilijiambia, taa ya samaki inahusu nini mahakama?

"Andika petroli, mwana."

Niliandika pembeni ya ukurasa. Nyongeza ya pembeni nayo inataka kidole chake, kwa hiyo nilifungua kidau cha wino wa zambarau na kushika mkono wake wa kuume. Tulifundishwa kwamba kidole hakigandamizwi, kinabingirishwa, na wewe ndiye unayekishika, kidole gumba chako juu ya ukucha wake. Mkono ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Kidole gumba chake kilikuwa na kovu la kisu, limekata kutoka upande huu mpaka ule. Nikatia mara mbili, pembeni na chini. Niliuliza kama anaumwa. Akasema amechoka tu, nimpe njia. Nikampa njia.

Chef wetu alikuwa mtu mzito, Adjoint Kasongo, hajui kusifu. Alisoma PV, akaweka kidole kwenye yale maneno ya pembeni. Saa sita ya usiku, saa ile ile ya mlinzi! Akaniambia, ushahidi wa jirani mmoja hautoshi, wa wawili unatosha, kimbia ukamlete huyo Tate Mwape kabla lori halijafika.

Nilikimbia. Nilipofika kwenye avenue yao nilisikia kilio kabla sijaona nyumba. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka uani kwa Mama Mwansa. Tate Mwape ndiye aliyenijia, akanishika bega. Mama alikufa jana alfajiri, akasema, kifua kilimbana. Hawajamzika, wanamngoja mtoto wake mwanaume anayetoka Pweto.

Nilimwambia haiwezekani. Alidhani ni huzuni. Kabla sijaondoka, binti wa marehemu aliona begi langu la serikali, akanivuta mpaka ndani alimolazwa mama yake. Akafunua shuka upande mmoja tu, mkono wa kuume.

"Chef, jana tulimusafisha shee benyewe. Leo asubui tunakuta kidole iko na wino. Nani anaweza kufanya vile ku maiti?"

Zambarau, ndugu yangu. Haujakauka vizuri. Nilimwambia sijui. Nilijua ni wino wangu, na bado nikamwambia sijui.

Tate Mwape alikuja nami, mzee wa heshima, akaacha kilio. Alieleza habari ya petroli bila kuulizwa mara mbili. Akataja na msiba. Hapo Chef akaigeuza ile PV, akaniangalia.

"Marehemu alitia kidole siku gani?"

Unaona shida yangu? Nikisema kazi moja, karatasi imekufa, maana hakuna hakimu anayepokea ushahidi wa maiti, na Ilunga anapanda lori. Nikisema siku ya posho, nimedanganya ndani ya karatasi ya serikali, kosa lile lile ninalosomea kuwafungia wengine. Nje lori lilikuwa limeshasimama, mota inawaka.

Nikasema, "Siku ya posho, Chef."

Kisha akasema niandike tarehe. Ilunga alitoka saa ile ile, mke wake akaanguka chini getini na sahani yake, na mimi nililia nyuma ya komisariya kwa furaha na kwa woga pamoja.

Ningependa iishie hapo. Lakini chuo kilipofunguliwa, tulikuwa na zoezi la kuchukuana alama za vidole. Profesa alichukua karatasi yangu, akauliza nimejikata lini kidole gumba cha kuume. Kwenye wino kulikuwa na mstari mweupe, kutoka upande huu mpaka ule. Nikaangalia ngozi yangu. Haikuwa na kitu, safi kabisa!

Niliomba kuona faili la Ilunga, nikakaa na lupu, kioo cha kukuzia, mbele ya alama mbili, ya Mama Mwansa kwenye PV na yangu ya zoezi. Tulifundishwa kwamba pointi kumi na mbili zikilingana, ni mtu yule yule, huna la kubishana. Nilipofika ishirini niliacha kuhesabu.

Ndiyo kidole nilichotia siku ya ndoa yangu, na hapo, alipoona mstari mweupe kwenye wino na ngozi yangu safi, ndipo mke wangu alipoacha kucheka. Ndicho kiko kwenye kitambulisho changu. Nilimaliza masomo, nikapata kazi, nikaishikilia miaka michache. Siku moja wakubwa walinipa PV iliyokwisha kuandikwa, ya mtu ambaye sijawahi hata kumwona, niweke sahihi tu. Nilikataa. Usinisifu, haikuwa ushujaa. Nilimwogopa yule mama kuliko nilivyowaogopa wao. Nilifukuzwa, na sasa ninafundisha watoto hesabu.

Basi wewe unayeandika maneno ya wengine, ukiwa polisi, karani, au mwanafunzi mwenye kalamu mpya kama nilivyokuwa, msomee mtu maneno yake leo, angali na pumzi. Usimwambie arudi. Wengine wanarudi.