Mwonja asali aliyepotewa na ladha

Saa mbili asubuhi. Mlango wa ghala la ushirika uko wazi, na mwanamke wa miaka hamsini na minane amechuchumaa mbele ya ndoo ya asali. Anachovya kijiti, anadondosha tone mgongoni mwa mkono wake, analamba, anafumba macho.

Mfugaji wa nyuki aliyeleta ndoo hiyo anasubiri, kofia mkononi.

"Hii umeitoa wapi?" anauliza mama.

"Si useme wewe, Mama Kijiti!" mfugaji anacheka. "Tangu lini unatuuliza?"

Naye anacheka, anagonga muhuri. Ila macho yake yako usoni mwa mfugaji, si kwenye ndoo, na mwandishi wa gazeti aliyekuja kuandika habari zake anaona.

Kwa miaka ishirini na miwili, hakuna ndoo inayotoka mkoa huu kabla Mama Kijiti hajaionja na kuigonga muhuri wenye picha ya nyuki. Familia mia tatu na arobaini zinautegemea muhuri huo. Ndoo moja yenye muhuri huo inatosha kununua sare na madaftari ya watoto wawili kwa mwaka mzima. Isiyo na muhuri haifikishi hata nusu ya bei.

Tone moja lilimtosha kujua asali ya mlimani, ya bondeni au ya kando ya mashamba ya alizeti. Aliwahi kumrudishia hata kaka yake mwenyewe ndoo nne zilizochanganywa sukari. Hawakusemezana mwaka mzima.

"Mkoa wetu hauna barabara ya maana, hauna kiwanda," anasema. "Lakini mtoto wetu akienda mbali, akitaja kwao, anaambiwa, 'Aa, kwenye asali!' Anatembea kifua mbele. Ndicho tulicho nacho."

Mfugaji anapoondoka, mama anausukuma mlango, anaufunga. Sauti inashuka.

"Mwanangu, mimi sisikii ladha."

Yalikuwa mafua tu, wiki sita zilizopita. Mafua yakaisha, ladha haikurudi. Chai, chumvi, limau, vyote kinywani ni maji ya uvuguvugu. Daktari wa zahanati alimwambia asubiri, huenda ikarudi, huenda isirudi.

Akauchuna, hakumwambia mtu. Akaendelea kugonga muhuri kwa kuangalia rangi, uzito wa tone, na zaidi uso wa aliyeleta. Ndoo arobaini na moja, pamoja na ya leo.

Wiki iliyopita jirani yake alileta asali, naye akatamka, "Hii ya bondeni." Jirani akaangua kicheko. "Ya mlimani hii! Acha kunitania, mama." Ghala zima likacheka, maana wanamjua kwa utani.

"Nilicheka nao," anasema. "Nilipofika nyumbani nilijifungia bafuni, nikalia."

Tangu hapo, pikipiki ikisimama nje, moyo wake unalipuka. Anadhani wamekuja kumwambia wameshajua. "Ikionekana mbovu moja tu huko mjini, wataturudishia zote, na jina halitarudi. Watoto wetu waje kuambiwa, 'Aa, kwenye maji ya sukari'? Nani atanisalimia tena?"

Lori la wanunuzi linafika kesho kuzichukua ndoo zote arobaini na moja.

Kabla ya adhuhuri anaingia mwenyekiti wa ushirika, mdogo wa marehemu mumewe, kuja kuhesabu ndoo. Mama anasimama, anashika ukuta.

"Shemeji, funga mlango."

Anamweleza yote. Mwenyekiti anakaa juu ya ndoo tupu kama aliyekatwa miguu.

"Nani mwingine anajua?"

"Huyu mwandishi."

Mwenyekiti anamtazama mwandishi, kisha anamgeukia mama. "Shemeji, lori lishaanza safari. Ziache ziende. Huenda zote ni nzuri."

"Huenda?" anajibu. "Miaka ishirini na miwili, umewahi kunisikia nikisema huenda?"

Anauchukua muhuri mezani, anaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Mwenyekiti anatoka bila kuaga, na mama anaukomea mlango nyuma yake.

Mama ameupanga mpango wake siku nyingi. Anataka waitwe wanawake watatu, wa mlimani, wa bondeni na wa kwenye alizeti, na ndoo zote arobaini na moja zionjwe upya. Wao waonje kwa ndimi zao, yeye awaeleze cha kutafuta.

"Ladha zenyewe bado ziko hapa," anasema, akigusa paji la uso. "Ya mlimani hukwaruza koo mwishoni. Utamu wa sukari hukimbia mapema. Niwafundishe kabla sijasahau na hilo."

Nje wafugaji watatu wameshafika na ndoo zao. "Mama Kijiti, shikamoo! Tuonjee basi, jua kali!"

Anashika komeo, haufungui mlango bado.

"Andika hivyo hivyo nilivyosema," anamwambia mwandishi. "Kesho nikiingiwa na woga, nisiweze kukana."