Kijiko Kimoja cha Tarwin

Kwa miaka mitatu Tarwin alitamani kitu kimoja tu, nacho kilichemka jikoni kwake kila siku: kijiko cha sukari ya mnazi ikiwa bado ya moto, iliyokwanguliwa ukingoni mwa karai. Hakutamani nyama wala sigara. Hata mguu wake wa kulia, uliokatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari, hakuulilia alivyoililia sukari.

Alikuwa mgema, na mgema hasa. Minazi ishirini na sita, asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe, kwa miaka thelathini na minane. Alipanda na mianzi kiunoni, akachonga ncha ya karara kidogo tu, akafunga mwanzi ukinge utomvu, akashuka. Kila mwanzi aliutia chokaa kiasi ili utomvu usichache. Jikoni, mkewe Karsiti aliuchemsha kwa saa nne mpaka povu likatulia na rangi ikaiva, kisha akausugua kwa kifuu mpaka ukawa chenga. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tarwin alisifiwa kuanzia kwao Cilongok mpaka soko la mji wa Purwokerto, na hakuwahi kutia hata tone. Kiburi chake ndicho kilichoudhi watu. Alikuwa akionja sukari ya jirani, akaitema mbele ya mwenyewe na kusema, "Hii umeitia ya dukani, usinifanye mtoto."

Sasa minazi hukwewa na mgema wa kukodi, kumi na mitano tu, naye huchukua nusu ya utomvu. Tarwin hukaa kwenye benchi mlangoni mwa jiko, harufu ikimpita puani.

"Nilambe mwiko tu, Siti," alikuwa akisema. "Mwiko si kijiko."

"Mguu wako ulikwenda kwa kulamba mwiko, Kang," Karsiti alimjibu, akimwita kaka kama desturi ya kwao. " Umebaki mmoja. Na huo ukienda utatembelea masikio?"

"Lakini kampuni inayotununulia imeandika kwenye pakiti, sukari ya mnazi si sawa na ile nyeupe. Haipandi haraka mwilini."

"Pakiti ina miguu ya kukatwa? Muuguzi kasema sukari ni sukari. Ya muwa, ya mnazi, zikishaingia kwenye damu zinaitana ndugu."

Karsiti alimtilia kwenye chai kipakiti cha unga mweupe, utamu wa kiwandani unaokamuliwa kwenye majani fulani. Tarwin hakukana kwamba ni tamu, tena tamu kupita kiasi. Ila haikuwa na moshi, haikuwa na mnazi, na mwishoni iliacha uchungu kwenye koo. "Utamu usio na kwao," alisema, akanywa kwa vile hakuwa na la kufanya.

Ndipo asubuhi moja akaja Retno, binti anayefanya kazi kwenye kampuni inayonunua sukari yao na kuiuza ng'ambo, na kamera begani. Alitafuta sura ya mgema ya kuitangazia sukari. Alipoyaona makunyanzi ya Tarwin nusura ashangilie.

"Mbah," alisema, akimwita babu kwa lugha ya kwao, "mguu tutaufunika kwa msuli. Wateja wa kule wanaiogopa sukari nyeupe. Wakimwona mgema wa siku nyingi anaonja hii na kutabasamu, watatuamini."

"Nionje?" Tarwin aliuliza, na moyo ukamruka.

"Kijiko kimoja tu, Mbah."

"Huyu mgonjwa!" Karsiti alidakia kutoka jikoni. "Mpe kijiko kitupu ajifanye."

"Watu watajua, Bu," Retno alimgeukia mama mwenye nyumba. " Uso haudanganyi."

"Kijiko kimoja, Siti," Tarwin alisema. Hakuwahi kumbembeleza mtu mbele ya mgeni, lakini siku hiyo alimbembeleza. "Kimoja tu, halafu sikusumbui tena maishani."

Karsiti akachukua mwiko. Kisha akakwangua ukingo wa karai, akamletea bila kumtazama usoni. Tarwin alidhani anauogopea mguu uliobaki.

Alifumba macho. Moshi ulitangulia, na machozi yakamlenga, maana alikuwa ameukosa moshi ule kama mtu anavyomkosa mama. Akangoja vingine vifuate: ile chumvi ya mbali, ile harufu ya karara lililokatwa alfajiri. Havikuja. Kilichokuja ni utamu mkali, mweupe, wa gunia la dukani. Wala haukuwa kidogo. Ulimi wake ulikadiria theluthi nzima ya karai.

Alifumbua macho. Karsiti alikuwa ameukumbatia mwiko kwa mikono miwili, ameinama. Tarwin akaelewa yote kwa mara moja. Minazi kumi na mitano, utomvu nusu, na kampuni inataka uzito ule ule wa zamani. Miaka mitatu mkewe alikuwa akimnyima kwa ajili ya mguu, na kwa ajili ya hili pia.

"Sema, Mbah! Ikoje?" Retno aliita nyuma ya kamera.

Tarwin alimeza.

"Ni ile ile," alisema, akatabasamu. "Sukari ya mke wangu. Haijabadilika tangu siku niliyomwoa."

Retno akapiga makofi, kisha akaomba warudie kwa kuwa jua lilikuwa limejificha. Mara ya pili Tarwin alitaka kijiko kitupu, na Retno akakiri kwamba hiyo ndiyo iliyotoka vizuri zaidi.

Tangu hapo hawajalizungumza. Kila siku Karsiti akimaliza kusugua hukwangua ukingo wa karai polepole, mwiko ukigonga chuma ili usikike mpaka kwenye benchi, kisha hungoja. Tarwin hunywa chai yake akitazama vilele vya minazi. Karsiti, aliyechoshwa na ombi lile miaka mitatu, sasa anatamani aombwe hata mara moja, apate kumnyima.