Jeli ya Ndimu na Kamba

Karatasi ile ilikuja imekunjwa ndani ya boksi la unga wa jeli. Mume wangu alinunua maboksi mawili Kibiti alipokwenda kuuza mchele, siku za Waingereza, nasi tulikaa Salale. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenye homa na kila chakula alikisukuma. Picha ilionyesha mwanamke wa Kizungu amebeba kilima cha manjano kinachong'aa, na ndani yake samaki na mayai. Chini waliandika kwa Kiswahili kwamba chakula hiki humrudishia mgonjwa nguvu. Boksi lenyewe lilichorwa ndimu mbili.

Nilijifunza kusoma mwenyewe, kwa karatasi za kufungia bidhaa, na nyumbani mwetu hakuna mwanamke mwingine aliyejua. Nilifuata maelezo neno kwa neno. Samaki wa kopo hatukuwa naye, nikatia kamba wa kuchemsha. Karatasi ilitaka mahali pa baridi, basi nikafukia bakuli kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilipokipindua chakula kwenye sahani kilisimama kidogo, kikatetemeka, kikaanza kuinama upande.

Wifi yangu alikigusa kwa kidole. "Wifi, hiki bado kizima. Kichinjeni kwanza!"

Mama mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Kisha akanitazama. "Mwanangu, kimetokana na nini?"

"Ndimu, mama. Imeandikwa."

Haikuandikwa. Ilikuwa picha tu. Akasema bismillahi, akala karibu chote, na siku ya tatu akaomba tena. Alipopona alimweleza kila jirani kwamba amelishwa na mkwe wake anayesoma.

Miaka kadhaa baadaye nilipata kitabu kikuukuu cha mambo ya jikoni, cha Kiingereza, nikawa nakisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku. Ukurasa wa jeli ulinichukua siku mbili. Ulisema kinachoigandisha hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Neno la mwisho nililitafuta kwenye kamusi mara tatu. Jeli yetu ilikuwa ya mnyama yupi? Maboksi yalikwisha kutupwa zamani, na sikuwa na njia ya kujua.

Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Akaniambia asiyejua hana dhambi.

"Na aliyesema anajua?"

"Hilo liko kati yako na uliyemwambia."

Nilimkuta mama mkwe anachagua mchele kwenye ungo, nikamweleza yote, pamoja na zile ndimu mbili. Hakunifokea.

"Nilikuuliza," akasema.

Akauweka ungo chini, akachota maji kwa kata, akasukutua mdomo mara tatu, kana kwamba chakula cha miaka ile bado kimo. Wifi yangu alikuwa mlangoni, na safari hii hakufanya mzaha.

Mama mkwe aliendelea kula nilichopika. Lakini kila nilipomsomea karatasi, iwe ya dawa, ya mbegu, hata barua ya mwanawe, aliuliza kwanza: "Unajua, au umeona picha?"

Mara nyingi jibu la kweli lilikuwa sijui, nami nililitoa. Kwa majirani hakunitaja tena.