Paa Letu kwa Jirani

Msikiti wetu mdogo, upande wa Subukia, ulichomwa vita vilipozuka baada ya uchaguzi. Moto ulikula milango, mikeka na kona moja ya paa. Kuta zilibaki nyeusi kama sufuria ya kuni. Mabati yaliyopona yaling'olewa, na haikupita muda yakaonekana yameezekwa kwenye zizi la jirani. Yalikuwa ya kijani, rangi aliyoyapaka baba kwa mkono wake.

Hakuna aliyeuliza. Sisi tulihamia Nakuru mjini, ng'ombe wa jirani wakahamia chini ya paa la msikiti.

Mwaka jana nilirudi kuukarabati. Mimi ni fundi, tena fundi mzuri, na kuta zile nilizikwangua na kuzipiga plasta hadi huwezi kujua zilipitia nini. Nikaezeka mabati mapya. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa baba, aliyeuanzisha msikiti wenyewe.

"Siwezi kuswali hapo," alisema. "Nikitazama dirishani naona paa langu kwa mtu."

Baba amezeeka. Bila yeye, kazi yote ile niliiona ya bure. Nikaenda kwa jirani hasira zimenipanda, nikamkuta amechuchumaa akikamua.

"Mzee, haya mabati ni yetu."

"Ni yenu," akasema, bila kuacha kukamua. "Nilichukua mimi. Niliona kila mtu anabeba, na mimi nikabeba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Si kwa ukweli. Nikamwambia tu kwamba baba anakuja Ijumaa, nikaondoka.

Ijumaa hiyo tulifika mapema, mvua ikianza kunyesha. Mabati yalikuwa yamepangwa mlangoni pa msikiti, yamesuguliwa yakatakata. Jirani alisimama kando, kofia mkononi. Ng'ambo ya ua, zizi lilikuwa wazi, ng'ombe na ndama wake wamelowa chapachapa.

Baba aliyatazama mabati, kisha akamtazama ndama. Nilitamani aseme neno kali. Nilikuwa nimelingoja tangu ujana wangu.

"We mzee, uko na akili kweli?" akafoka. "Unaacha ndama anyeshewe kwa sababu yangu?" Akanigeukia. "Fundi, leta nyundo."

"Ya nini? Msikiti nimemaliza."

"Ya ng'ombe. Msikiti uko na paa."

Basi nikavua kanzu, nikapanda juu ya zizi nikinung'unika, wala sikuficha. Jirani alinishikia ngazi. Baba alisimama chini kwenye mvua akikosoa kila msumari, na nilimpenda hadi nikaudhika.

Niliposhuka nilioga, nikatawadha, tukaingia kuswali. Nilikaa kulia kwa baba, kando ya dirisha. Mwisho wa swala, tulipogeuza nyuso kulia kutoa salamu, nililiona zizi, na yule mzee akimkausha ndama kwa gunia. Nikageuka kushoto kumalizia.

Uso wa baba ulikuwa bado umeelekea kulia, dirishani.