Kilio cha Baba Juu ya Paa

Lifti yetu bado ina ule mlango wa chuma wa kukunja. Ukifungwa, krrr-cha, kiganja changu cha kulia kinatoa jasho. Cheka ukitaka, lakini nisikilize kwanza.

Jengo hili la Johannesburg, mtaa wa Observatory, lilijengwa kabla ya vita kuu ya pili. Ni la ushirika: wenye nyumba wana hisa, na kamati yao huamua nani akae, nani atoke. Sisi tuliotoka Lubumbashi hatukuwa na hisa. Mama alisugua ngazi, tukapewa chumba juu ya paa, jirani na matangi ya maji. Lifti tulikatazwa. Mimi, msichana wa miaka tisa, ndiye niliyejua Kiingereza, kwa hiyo barua ya kamati nilimsomea mama mimi: anaimba sana nyimbo za kanisa, kelele moja tena, tunatoka.

Asubuhi moja tulisikia lifti ikipanda hadi kwetu. Haikuwahi kutuletea mtu. Krrr-cha, akatoka mlinzi mwenzake baba, kofia mkononi. Baba alikuwa amepigwa risasi, amekufa getini, kazini kwake Jeppestown.

Mama alifungua mdomo. Nikauziba na kiganja. "Mama, kamati!"

Kwetu, asiyeliliwa kwa sauti ni kama amekufa bila watu. Wamama wa kanisa walikuja kwa ngazi za chuma za nyuma, viatu mkononi. Mama Béatrice, mwili mkubwa, jasho tele, akanong'ona, "Eish! Hata mwizi hapandi hivi." Kisha akanigeukia, "Sasa weye, tutalia aje?"

"Na macho tu," nikajibu, kama bosi.

Wakaketi chini siku tatu, midomo wazi, sauti hakuna. Aliyekohoa nilimkazia macho. Chumba hatukunyang'anywa. Ila mama hakuimba tena, hata kanisani.

Niliacha shule darasa la nne, nikashona mapazia ya watu mpaka nikapata karakana yangu, na hisa katika jengo hili hili, ghorofa ya tatu. Sikupewa na mtu. Na miaka yote nilijisifu mbele ya mama kwamba mkono wangu ndio uliookoa chumba. Alinisikiliza huku akinikunjia mapazia.

Mwaka jana alikufa. Nikimwosha, nilishika mikono yake, ile iliyopandisha ndoo mbili mbili za maji ya kusugulia ngazi kila siku, ghorofa hadi ghorofa. Hapo ndipo nilipoelewa, na mvi zangu hizi. Kiganja cha mtoto wa miaka tisa angekitoa kama anafukuza nzi. Alikiacha pale, ili mimi nilale ndani.

Nikafungua madirisha yote, nikalia mpaka vioo vikatikisika. Kamati wakaja kubisha: "Mama, tafadhali, majirani wanalalamika."

"Rudini baadaye," nikawaambia. "Bado sijamlilia baba."